Injini inagonga tik-tik? Usikubali ifunguliwe kabla hujafanya haya

Mwezi uliopita mwalimu mmoja kutoka Mvomero aliniletea Toyota IST yake hapa gereji kwetu Msamvu, Morogoro. Kabla hajazima gari nilishausikia mlio: tik, tik, tik, mkavu, unaopanda na kushuka na mwendo wa injini. Alishuka na karatasi mkononi. Fundi mwingine alikuwa amemwandikia kufungua injini, tapeti zote (vikombe vinavyosukuma valvu), cheni ya taimingi, gasketi na ufundi. Jumla milioni moja na laki mbili.

"Dada fundi," akaniambia, "mimi nimekuja kuuliza tu kama hii bei ni ya haki."

Sikugusa habari ya bei. Nilimuuliza, "Mwalimu, mlio umeanza lini, na kabla ya hapo nani aliishika hii injini?"

Akafikiri. Mlio ulianza Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia gari lilifanyiwa sevisi na kubadilishwa plagi.

Nitarudi kwa mwalimu. Nataka kwanza nieleze jinsi ninavyoufuata mlio wa namna hii, hatua kwa hatua, kwa sababu injini nyingi nzima zimefunguliwa bure, na nyingine zimekufa kwa sababu mwenye gari aliuzoea mlio. Nitatumia injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1497 iliyomo kwenye IST nyingi, Probox, Raum, Allion na Premio za cc 1500, maana ndiyo ninayoishika karibu kila siku. Injini nyingine za petroli utazifuatilia kwa njia hiyohiyo, ila vipimo utafute vya kwako.

Oili kabla ya kitu chochote

Simamisha gari mahali tambarare, zima, subiri dakika tano oili ishuke. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ifute, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena. Oili inatakiwa iwe kati ya alama ya chini na ya juu, na mimi napenda iwe karibu na ya juu. Kama haifiki hata alama ya chini, usiwashe tena ili usikilize vizuri. Ongeza kidogo kidogo huku unapima, ikifika ndipo uwashe.

Injini hii ikibadilishiwa oili pamoja na filta inachukua lita 3.7 tu. Ukipungukiwa lita moja umepoteza zaidi ya robo. Gari likipanda mlima au likikata kona kali, oili iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu inavuta hewa, na vyuma vya juu vinaanza kukauka. Hapo ndipo tik-tik inapozaliwa.

Tafadhali usingoje taa nyekundu. Taa ile haipimi wingi wa oili, inapima presha, na huwaka presha ikishashuka vibaya sana. Kijana mmoja wa Probox aliyekuwa anakwenda kuchukua vitunguu Ilula alianza kusikia tik-tik akiwa chini ya mlima Kitonga, akaendelea kukanyaga mafuta. Taa iliwaka akiwa karibu kumaliza kupanda. Gari lilirudi Morogoro likivutwa, na nilipoteremsha sampu, vipande vya beringi vilikuwa vimelala kwenye oili vikimeta kama chenga za mchele. Dipstiki yake ilikuwa kavu hadi ncha.

Kama oili imejaa lakini hujui mara ya mwisho ilibadilishwa lini, ibadilishe pamoja na filta, kisha usikilize tena baada ya siku mbili tatu. Oili iliyochoka huacha tope jeusi kwenye vijia vyembamba vya juu. Kwa gari linalozunguka mjini na barabara za vumbi mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, na sijawahi kujutia.

Kuna mambo mawili yanayofanywa sana hapa kwetu ambayo naomba uyakatae. La kwanza ni kumwaga dizeli au mafuta ya taa ndani ya injini "kuisafisha". Tope linabanduka kwa mabonge, linashuka hadi kwenye chujio la pampu, na chujio likiziba injini inanoki ndani ya safari moja. La pili ni kuweka oili nzito, namba 40 au 20W-50, ili mlio utulie. Ni kweli mara nyingi hutulia, na ndiyo maana ushauri huo haufi. Injini hii ilitengenezwa kwa 5W-30. Oili nzito asubuhi inachelewa kufika juu, na sekunde zile za ukavu ndizo zinazokula kamshafti, mhimili wa juu unaofungua valvu. Umeuficha mlio, ugonjwa umeuongeza.

Mlio unasema uko wapi

Oili ikiwa sawa, sasa tega sikio. Funga mtandio vizuri, vua bangili na saa, kunja mikono ya shati. Feni ya rejeta ya magari haya ni ya umeme na inaweza kujiwasha wakati wowote.

Jambo la kwanza la kujua ni mlio unatokea saa ngapi. Ukiwa wa kwaruzo, krrr, wa sekunde moja au mbili asubuhi tu kisha kimya, mara nyingi oili ilishuka yote usiku. Filta nzuri ina kivalvu cha mpira kinachozuia oili isirudi chini. Filta za bei ya kutupa huwa na mpira mgumu usioziba, au hazina kabisa. Badilisha filta kwanza. Ukiendelea, na unatoka upande wa cheni, angalia tenshena (kikazio) ya cheni na gia ya VVT-i, inayobadili wakati wa kufunguka valvu.

Ukiwa mkubwa injini ikiwa ya baridi, kisha unafifia injini ikipata moto, washukiwa ni wawili. Gasketi ya manifoldi ya eksozi (bomba la kwanza linalopokea moshi kutoka kwenye injini) inavujisha pumzi hadi chuma kipanuke na kuziba pengo. Au pistoni imelegea ndani ya silinda na inapigapiga ukuta hadi ipanuke. Ukiwa upo baridi na moto, umetulia mahali pamoja juu ya injini, hapo fikiria valvu, milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Na ukizidi hasa unapopandisha mlima au umebeba mzigo, fikiria pumzi inayotoroka, au chini kabisa, koni rodi, ule mkono unaoshika pistoni kwa chini.

Mwenye gari ndiye anayeishi na huo mlio, fundi anausikia dakika chache tu. Kama hutokea asubuhi tu, urekodi kwa simu boneti likiwa wazi. Wateja wengi hufika kwangu saa sita mchana injini imeshachemka, mlio umekwenda, na wote tunabaki tunatazamana.

Kwa kutafuta mahali, natumia vitu viwili. Bisibisi ndefu: ncha unaigusisha kwenye chuma, mpini unauweka kwenye mfupa wa mbele ya sikio, kidole gumba kikiwa katikati ili usijichome. Gusa tapeti kava juu ya kila silinda, gusa kava ya cheni, gusa alternata, gusa ubavu wa injini, gusa sampu. Mahali penye ugonjwa mlio unakuingia kichwani kama mtu anagonga mlango. Cha pili ni kipande cha mpira wa maji cha mita moja. Usikigusishe popote, upande mmoja sikioni, mwingine unautembeza hewani kuzunguka manifoldi na mashimo ya plagi. Bisibisi inasikia chuma, mpira unasikia pumzi. Mlio ukiwa mkali kwenye mpira na hafifu kwenye bisibisi, usihangaike na tapeti.

Mwendo wake nao unasema kitu. Gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, mshale uko karibu 700 kwa dakika, kwa hiyo krenki, mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, inazunguka mara 12 hivi kwa sekunde. Kamshafti huzunguka nusu ya hapo, kwa hiyo valvu moja iliyolegea itagonga mara sita kwa sekunde. Sita unaweza kuzifuatisha kwa kupiga kidole kwenye bodi. Mlio wenye kasi kuliko kidole chako, ama unatoka kwa valvu zaidi ya moja, ama kwenye krenki, ama kwenye vitu vya nje kama puli.

Na kuna tik-tik isiyo ugonjwa. Nozeli zinazonyunyiza petroli hugonga, chepesi, haraka, kama cherehani chumba cha pili. Magari ya Dar es Salaam yaliyofungwa mfumo wa gesi asilia yana nozeli za gesi zinazogonga kwa nguvu zaidi, na madereva wengi huja na wasiwasi wiki ileile waliyofungiwa. Bonyeza swichi urudi petroli. Mlio ukikatika palepale, gari lako ni zima.

Vipimo vinavyokata ubishi

Feni belti. Itoe, washa injini kwa nusu dakika, sikiliza, zima. Usizidishe, kwa sababu belti hiyohiyo ndiyo inayozungusha pampu ya maji. Mlio ukiisha, tafuta kwenye alternata, pampu ya maji au puli.

Eksozi. Fanya asubuhi gari likiwa limelala. Msaidizi awashe, kisha azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Kama gasketi inavuja, tik-tik inakuwa kali zaidi, na ukipitisha kiganja karibu na kiungo, bila kugusa, utahisi pumzi inapiga. Mara nyingi utaona na alama: mstari wa masizi meusi umetoka kwenye kiungo kama moshi wa kibatari ukutani. Kaza nati injini ikiwa ya baridi. Zisipokamata, badilisha gasketi. Kabla ya hayo, bonyeza kwa kijiti lile bati la kukinga joto. Likilegea nalo hutetema kwa mlio wa kudanganya kabisa.

Koili. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda. Zima gari, chomoa soketi ya koili (inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi) ya silinda namba moja pamoja na soketi ya nozeli yake, ili petroli isiyoungua isioshe oili ukutani mwa silinda wala kuharibu masega ya kusafisha moshi ndani ya eksozi. Washa, sikiliza sekunde kumi, zima, rudisha, nenda silinda ya pili. Taa ya injini itawaka kwenye dashibodi, utaifuta baadaye. Silinda isipochoma, hakuna nguvu inayoisukuma pistoni. Mlio ukipungua sana au ukikatika, ujue unatokana na mlipuko wa silinda hiyo: pumzi inayovuja, au beringi ya koni rodi. Usipobadilika hata kidogo kwenye silinda zote nne, ni valvu, cheni au kitu cha nje.

Koni rodi hutaichanganya na kingine ukishaisikia mara moja. Si tik. Ni ko, ko, ko, nzito, inatoka chini, na huonekana zaidi ukipiga resi hadi 2,000 kisha ukaachia ghafla. Ukisikia hiyo, zima, ita gari la kuvuta. Usijaribu "kulifikisha tu gereji". Krenki inayoweza kusafishwa leo, kesho haifai kitu.

Sasa mwalimu. Oili yake ilikuwa safi na kamili. Bisibisi haikunipa kitu cha maana, lakini mpira ulipofika juu ya silinda ya tatu ulinipulizia sikioni: tsk, tsk, tsk. Nikachomoa koili na nozeli ya tatu, mlio ukakatika. Nikatoa koili yenyewe. Ndani ya shimo kulikuwa na harufu ya moshi, na kaure nyeupe ya plagi ilikuwa na pete ya rangi ya kahawa. Nikaingiza boksi namba 16. Plagi ilizunguka kwa vidole viwili.

Ilikuwa haijakazwa. Kila mara silinda hiyo ilipochoma, moto ulipenya kidogo kwenye nyuzi. Niliitoa, nikasafisha shimo kwa upepo, nikakagua nyuzi kwa tochi, nikaweka plagi mpya, nikaizungusha kwa mkono hadi ikakaa, kisha nusu mzunguko kwa spana ili wosha yake mpya ibonyee. Wosha ikiwa imeshatumika, haihitaji kuzungushwa kiasi hicho, kidogo tu inatosha. Na usikaze kwa hasira: silinda hedi, kichwa cha injini, ni ya alumini, na nyuzi zake zikivunjika hapo ndipo utakapolipa zile milioni kweli. Nikakagua na zile tatu nyingine. Mwalimu alisimama pembeni akisikiliza kimya. Kisha akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

Ikiwa kweli ni valvu

Kuna mara ambapo ni valvu, na Premio moja niliyoitengeneza mwanzoni mwa mwaka huu ndiyo mfano mzuri. Mlio wa mara sita kwa sekunde, baridi na moto, juu ya silinda ya pili, koili zilichomolewa moja moja na haukubadilika.

Injini hii haina tapeti za kujirekebisha kwa oili. Kati ya mgongo wa kamshafti na kikombe cha tapeti kuna pengo, na linapimwa injini ikiwa ya baridi kabisa, iliyolala usiku kucha. Za kuingiza hewa zinatakiwa ziwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, za eksozi kati ya 0.25 na 0.35.

Toa koili nne, toa tapeti kava taratibu, futa. Zungusha krenki kwa mkono kwa bolti ya puli kubwa, kufuata mwendo wa saa, huku plagi zote zikiwa nje ili iwe nyepesi. Ncha ya yai la kamshafti, ule uvimbe unaosukuma tapeti, ikitazama mbali na tapeti yake, valvu imefunga, pima. Ingiza fila geji, majani membamba ya chuma ya kupimia pengo. Jani sahihi linapita kwa kukwaruza kidogo, kama kuchomoa karatasi chini ya kitabu. Linalopita bila kugusa ni jembamba mno, linalolazimishwa ni nene mno. Andika zote 16 kwenye karatasi iliyochorwa mfano wa injini. Usitegemee kumbukumbu.

Tazama pia zilizobana. Valvu yenye pengo kubwa inapiga kelele, lakini yenye pengo dogo haisemi chochote. Haifungi vizuri, haipati pa kupozea joto, inaungua kimyakimya hadi silinda ikose kompresheni. Magari ya gesi yanaongoza kwa hili, kwa sababu gesi ni kavu na viti vya valvu vinaliwa haraka. Kwa hiyo ukimya nao si cheti cha uzima.

Premio ile, valvu moja ya eksozi ya silinda ya pili ilisoma 0.46. Hakuna skrubu ya kurekebishia. Unabadilisha kikombe chenyewe kwa chenye unene mwingine, na vipo vya saizi 35, kuanzia milimita 5.060 hadi 5.740, vikipishana 0.020. Hesabu yake: unene wa kikombe cha zamani, jumlisha pengo ulilopima, toa pengo unalotaka. Kwa eksozi nataka 0.30. Kikombe kilikuwa 5.260, kwa hiyo 5.260 jumlisha 0.46 toa 0.30, napata 5.420. Nikaagiza hicho kimoja. Kimoja tu, si kumi na sita.

Kukitoa lazima kamshafti itoke, na kazi hiyo usiifanye kama huna spana ya kupimia nguvu na hujawahi kushika cheni ya taimingi. Weka pistoni ya silinda ya kwanza juu kabisa, tia alama za rangi kwenye cheni na gia kabla ya kulegeza chochote. Kofia za kamshafti zilegezwe zote kwa zamu, robo robo, kuanzia nje kuingia ndani. Ukimaliza upande mmoja kwanza, valvu za upande wa pili zitaisukuma kamshafti hadi ivunjike. Kila kofia ina namba na mshale, irudi mahali pake. Kagua na yai lenyewe: likiwa limechimbika au lina mikwaruzo inayokamata kucha, kikombe kipya hakitadumu.

Ukisharudisha, paka oili kwenye mayai na vikombe, kisha izungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigoma popote, simama, alama za cheni haziko sawa. Ukilazimisha kwa stata, valvu na pistoni zitakutana. Ikipita laini, pima pengo tena. Premio ilisoma 0.30. Ndipo nikafunga kava, nikarudisha plagi na koili, nikawasha. Sekunde tatu nne za kwanza ilichakarika, oili ilikuwa bado njiani kupanda. Halafu ikabaki sauti ya nozeli tu.